Mwalimu wa chekechea analelewa na nani? Somo la Makindu na la Mombasa

Mwalimu wa chekechea akishapata cheti au diploma na kuajiriwa, wengi wetu huona kwamba masomo yake yamekwisha. Kwa kweli hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Anabaki darasani na watoto wa miaka minne na mitano, na huenda mwaka ukaisha bila mtu anayeijua kazi hiyo kuketi pembeni, kumwangalia akifundisha, na kuzungumza naye baadaye. Afisa akija, mara nyingi huja kuhesabu: watoto wangapi, viti vingapi, choo kipo au hakipo. Akishatia saini kitabu cha wageni, huyo amekwenda.

Makala haya yanaeleza jambo linaloitwa uongozi wa ufundishaji, na ndani yake kazi ya kuwalea walimu wa shule za awali. Tutaangalia lilivyoanza nchini, likapoteza mwenyewe wapi, linavyoweza kufanywa katika mji kama Makindu, na lile ambalo Mombasa imelijua tangu 1986 na pengine imelisahau.

Maneno mawili yanayochanganywa

Uongozi wa shule una pande mbili. Upande wa kwanza ni wa kuendesha shule: pesa, majengo, uji wa watoto, daftari la mahudhurio, mikutano ya wazazi. Upande wa pili ni wa ufundishaji wenyewe: mtoto anajifunza nini, kwa njia gani, na mwalimu anasaidiwa vipi kufanya vizuri zaidi kesho kuliko leo. Mwalimu mkuu anaweza kuwa hodari sana wa upande wa kwanza na asiuguse wa pili mwaka mzima.

Kulea mwalimu ni sehemu ya upande huo wa pili. Mwalimu mwenye uzoefu anamshika mkono mwenzake: anamtembelea darasani, anamwonyesha, anamsikiliza, anarudi tena. Ukaguzi ni jambo jingine. Mkaguzi anauliza kama kanuni zimefuatwa, na jibu lake huandikwa kwenye ripoti inayopanda juu. Mlezi anauliza nini kimemshinda mwalimu, na jibu lake hubaki baina ya wawili hao. Kazi zote mbili zinahitajika, lakini mtu mmoja akizifanya kwa siku moja, ya pili hufa. Mwalimu hawezi kumfungulia moyo mtu ambaye jioni ataandika ripoti ya kuamua mkataba wake.

Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Fundi seremala, fundi cherehani, mtengeneza majahazi, wote wana mwanagenzi. Mwanagenzi hapewi kitabu akaambiwa nenda. Hukaa karibu na fundi, akashika chombo, akakosea, akasahihishwa, mpaka mkono wake ukajua. Kulea watoto wadogo darasani ni ufundi wa aina hiyo, nasi tunamwacha mwanagenzi peke yake siku ya kwanza.

Kazi iliyopotea baina ya ofisi mbili

Shule za chekechea za Kenya zilikua kwa harambee. Baada ya uhuru, wazazi walijenga vibanda, wakatafuta msichana wa kijiji aliyesoma kidogo, wakamlipa kwa michango. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianza mradi wa elimu ya awali kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, kutafuta njia ya kuwafundisha walimu hao wakiwa kazini. Kutokana na mradi huo kikazaliwa kituo cha taifa cha NACECE mwaka 1984, na kuanzia 1985 vituo vya wilaya vilivyoitwa DICECE.

Walimu wengi wa makamo wanaikumbuka DICECE. Mafunzo yake yalichukua miaka miwili. Mwalimu alihudhuria masomo shule zikifungwa, kisha akarudi darasani kwake, na mkufunzi akamfuata huko huko kumwona akifundisha. Mpango ule ulikuwa na upungufu wake, maana magari yalikuwa machache na wilaya ni pana. Hata hivyo ndani yake kulikuwa na wazo sahihi: mafunzo na ziara ya darasani ni kitu kimoja.

Katiba ya 2010 ikabadilisha mambo. Jedwali la Nne linasema elimu ya awali ni kazi ya kaunti, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya kulelea watoto. Serikali za kaunti zilipoanza 2013, zilichukua walimu wa chekechea. Shule za msingi na walimu wao zikabaki kwa serikali kuu na Tume ya Huduma za Walimu, TSC.

Sasa fikiria hali ya kawaida: darasa la PP1 lililo ndani ya uwanja wa shule ya msingi ya umma. Mwalimu mkuu ni mtu wa TSC. Mwalimu wa PP1 ni mtu wa kaunti. Geti ni moja na kengele ni moja, lakini wakubwa wa walimu hawa wawili wanakaa ofisi tofauti. Mwalimu mkuu anaweza kusema, “Yule si wa kwangu.” Afisa wa kaunti anaweza kusema, “Shule ina mwalimu mkuu.” Baina ya kauli hizo mbili, anayebaki bila wa kumwongoza ni mwalimu, na nyuma yake mtoto.

Pengo hili linaonekana wazi ukilinganisha na darasa la jirani. Maafisa wa TSC wa kusaidia mitaala, ambao zamani tukiwaita wakufunzi wa TAC, walipewa jukumu la kutembelea walimu wa madarasa ya chini ya msingi, na mpango wa kusoma wa Tusome ulipoenea nchini kuanzia 2015 waliwekewa vishikwambi vya kurekodi ziara zao. Kwa shule za awali, mpango wa Tayari ulioanza 2014 ulijaribu jambo linalofanana na hilo: mafunzo, ziara za darasani, na kwa baadhi ya shule vitabu vya mwalimu na vya watoto. Lakini uliendeshwa katika kaunti nne tu: Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu. Pwani haikuwemo, wala Ukambani.

Kisha Januari 2019 mtaala wa umilisi, CBC, ukaanza nchi nzima katika PP1, PP2 na gredi tatu za kwanza. Mwalimu aliyezoea kuandika herufi ubaoni na watoto kumwitikia aliambiwa sasa mtoto ajifunze kwa kutenda. Huo ni mgeuko mkubwa wa mkono na wa fikra. Semina ya siku chache haigeuzi mkono wa mtu.

Kwa nini Makindu

Makindu iko kaunti ya Makueni, eneo bunge la Kibwezi Magharibi, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa. Msafiri wa Pwani anaijua kwa hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, ambako mtu wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Jina la mji kwa Kikamba ni la mikindu, mmea ule ule ambao mama zetu huku hutumia ukindu wake kusuka ukili wa mikeka.

Nimeichagua kwa sababu inaonyesha kwa uwazi matatizo ambayo Kinango, Ganze au Garsen wanayajua pia. La kwanza ni umbali. Ukitoka barabarani, ni nchi kavu ya mashamba ya pojo na maembe, na kutoka kituo kimoja cha chekechea hadi kingine ni mwendo. Ziara ya mlezi inahitaji nauli ya bodaboda, na nauli isiyoandikwa kwenye bajeti haipatikani.

La pili ni lugha. Sera ya elimu ya Kenya inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Vijijini hiyo ni Kikamba. Mjini, ambako reli na barabara zimekusanya watu wa kila upande, darasa moja linaweza kuwa na mtoto anayeongea Kikamba nyumbani na mwenzake anayeongea Kiswahili. Mwalimu wa mji kama huo anahitaji mtu wa kufikiri naye. Hesabu ni mfano mwepesi: Kikamba husema ili, itatu, inya, itano, Kiswahili husema mbili, tatu, nne, tano. Mwalimu anayejua kuziweka namba hizo kando kwa kando, juu ya vizibo vya soda, amempa mtoto daraja. Mwalimu asiyeambiwa hivyo huenda akamkataza mtoto lugha ya mamake, na mtoto akanyamaza mwaka mzima.

La tatu ni ukame. Mvua zikikosa, mtoto huja shule kwa sababu ya uji, na uji usipokuwepo haji. Mwalimu anajikuta ni mpishi, muuguzi na mpokea malalamiko. Mtu aliye katika hali hiyo akipata mgeni wa kumkemea kwa sababu mpango wa somo haukuandikwa, huvunjika moyo. Akipata wa kuketi naye na kumuuliza, “Mwalimu, kwa siku kama ya leo, jambo gani moja tunaweza kulifanya vizuri?” huinuka.

Mombasa ilichofanya 1986

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani waliona watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma. Walikuwa wakienda chuoni kusoma Qur'ani, lakini hawakupata maandalizi ya shule. Kutokana na ombi la jamii, na kwa fedha za Wakfu wa Aga Khan, mpango wa madrasa za chekechea ukaanza Mombasa mwaka 1986. Aliyeuongoza ni Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, ambaye alikwenda mtaa kwa mtaa kuzungumza na wazazi na kuwafundisha walimu wa kwanza. Mpango ukafika Zanzibar 1990 na Kampala 1993, na baada ya miaka ishirini hivi ulikuwa umesaidia shule zaidi ya 200 katika nchi tatu.

Wengi husifu mpango ule kwa kuunganisha dini, utamaduni wa Waswahili na masomo ya shule. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini siri yake nyingine ilikuwa jinsi ulivyowashughulikia walimu. Jamii ilisaini mkataba na kituo cha madrasa: jamii itoe mahali, kamati na wanawake wa mtaa wa kufundisha, kituo kitoe mafunzo na ufuatiliaji kwa muda wa miaka miwili hivi. Walimu hao wengi hawakuwa na vyeti vikubwa. Walifundishwa kituoni, kisha wakufunzi wakawafuata darasani, wakaonyesha kwa vitendo, wakakaa nao kutengeneza vifaa kwa vifuu, vizibo, makopo, vitambaa na ukindu. Shule ikihitimu, haikutupwa. Iliendelea kupata msaada na kukutana na wenzake.

Matokeo yake yalipimwa. Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Zanzibar. Watoto waliokwenda shule ya awali ya aina yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wale wa shule za madrasa walipiga hatua kubwa kuliko wa shule nyingine za awali. Wanawake wa mitaani wasio na vyeti vikubwa, wakilelewa vizuri, walifanya kazi hiyo.

Fikra kama hiyo ipo mbali na kwetu pia. Mji wa Reggio Emilia, Italia, ulifungua shule yake ya kwanza ya manispaa ya watoto wadogo mwaka 1963, chini ya uongozi wa mwalimu Loris Malaguzzi. Huko kila kundi la shule chache huwa na mtaalamu mmoja wa ufundishaji ambaye kazi yake ni kukaa na walimu na kufikiri nao juu ya kile watoto wanachofanya. Tofauti ni kwamba manispaa ile inamlipa mtaalamu huyo kama kazi ya kudumu, si mradi wa mfadhili unaokuja na kwenda.

Ziara ya ulezi inavyokwenda

Ziara nzuri ina sehemu tatu, na haihitaji zaidi ya asubuhi moja.

Kabla ya somo, mlezi na mwalimu huzungumza dakika kumi. Mwalimu ndiye anayechagua jambo la kuangaliwa. Labda watoto wawili hawasemi kabisa, au kipindi cha hesabu kinamshinda. Mlezi haji na orodha ya mambo arobaini.

Wakati wa somo, mlezi huketi chini kama watoto, pembeni, na kuandika anachokiona badala ya anachokihukumu. “Umeuliza maswali tisa, manane yamejibiwa na watoto watatu wa mbele” ni jambo la kuonekana. “Hushirikishi watoto” ni hukumu. La kwanza linafundisha, la pili linachoma. Kipindi cha chekechea ni nusu saa, kwa hiyo vipindi viwili vinatosha. Mlezi hamkatizi mwalimu mbele ya watoto. Akiombwa, anaweza kuonyesha yeye mwenyewe kipande cha somo.

Baada ya somo, watoto wakiwa wanacheza au wanakunywa uji, wawili hao huketi. Mwalimu huanza kusema, mlezi hufuata. Wanakubaliana jambo moja la kufanya mpaka ziara ijayo, na wote wawili wanaliandika. Kwa mfano, kila asubuhi mwalimu atamwita kwa jina mmoja wa wale watoto wanyamavu na kumpa kazi ya kugawa vifaa. Ziara ijayo huanzia hapo.

Hesabu yake si ya kutisha. Mlezi akitenga siku tatu za wiki kwa ziara, na kila siku akafika vituo viwili, anafika vituo sita kwa wiki, na vituo 24 kwa wiki nne. Katika muhula wa wiki 12, kila mwalimu ametembelewa mara tatu. Siku mbili zilizobaki ni za kuandika, kupanga, na mara moja kwa mwezi kuwakusanya walimu wa karibu wabadilishane vifaa na mbinu. Mikutano hiyo ya walimu wenyewe ni muhimu sana pale umbali ni mkubwa, kwa sababu jirani wa kilomita tatu hufikika upesi kuliko afisa wa Wote, makao makuu ya kaunti.

Nani awe mlezi? Asiwe jamaa wa mkubwa aliyekosa kazi. Awe mwalimu aliyefundisha watoto wadogo kwa miaka, anayeheshimiwa na wenzake, anayejua lugha ya watoto wa eneo, na mwenye subira. Kaunti tayari inao watu hao madarasani. Kinachohitajika ni kumpunguzia vipindi, kumwongezea posho na nauli, na kumfundisha namna ya kuongea na mtu mzima, kwa maana hodari wa watoto si lazima awe hodari wa watu wazima.

Kazi ya kiongozi wa shule

Mlezi hawezi kufaulu ikiwa mwalimu mkuu amelala. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi si lazima awe mtaalamu wa chekechea, lakini kuna mambo manne ambayo hakuna wa kuyafanya ila yeye. Aingie darasa la PP1 na PP2 mara kwa mara na akae, asipite dirishani. Awaalike walimu hao katika mikutano ya walimu wote, ili mwalimu wa PP2 na wa gredi ya kwanza wakabidhiane watoto kwa mazungumzo. Awalindie muda wa kujiandaa, asiwafanye watumwa wa ofisi kwa sababu wametoka kaunti. Na mwalimu mpya akija, amkabidhi kwa mwenzake mzoefu siku ile ile.

Kwenye madrasa na shule za binafsi, kazi hiyo ni ya msimamizi na kamati. Kamati nyingi zetu hujua kuchangisha mabati. Ni chache zinazouliza katika kikao, “Walimu wetu wamejifunza nini muhula huu?” Swali hilo halina gharama.

Mambo mawili ya tahadhari. La kwanza, ulezi hauchukui nafasi ya mshahara. Mwalimu aliye kwenye mkataba wa muda na malipo madogo akitafuta kazi bora ataondoka, na malezi yote aliyopewa yataondoka naye. La pili, hauchukui nafasi ya vifaa. Kumshauri mwalimu asome hadithi na watoto ilhali darasa halina kitabu hata kimoja ni kumwongezea huzuni.

La kuuliza

Kaunti zetu zinapenda kujenga. Darasa jipya lina rangi, lina bango, lina utepe wa kukatwa. Ziara 72 za mlezi katika muhula hazina utepe, na ndiyo sababu ni rahisi kuzifuta bajeti ikibana. Makueni ilipata sifa nchini wakati wa gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, kwa kuwashirikisha wananchi katika kupanga bajeti kuanzia vijijini. Mzazi wa Makindu basi ana pa kusimama na kuuliza. Mzazi wa Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River, Taita Taveta na Mombasa pia anayo haki hiyo kwa katiba, kila mwaka bajeti inapojadiliwa.

Maswali ni matano. Wadi yetu ina walimu wangapi wa chekechea? Kila mmoja alitembelewa darasani mara ngapi muhula uliopita, na nani? Nauli ya ziara hizo imeandikwa wapi katika bajeti? Aliyekwenda alikwenda kukagua au kulea? Na baada ya ziara, jambo gani lilibadilika kwa watoto?

Mtoto ni amana, na mwalimu tuliyemkabidhi mtoto huyo ni amana vilevile. Tukienda kwenye kikao cha bajeti tukiwa na maswali hayo matano mkononi, afisa atalazimika kuja na majibu, na mwaka unaofuata atakuja amejiandaa.